Mwene Asiyeitikia

Kornel alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haiuzwi duka lolote la Sumbawanga: hakuweza kuvumilia kuchekwa. Umtukane, sawa. Umpige, mtapigana, mtamaliza. Ila ukimcheka umejitafutia adui wa maisha. Na Jumapili ile, saa tisa alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Adriano la kutengeneza simu, watu watatu walikuwa wanamcheka mpaka machozi yanawatoka.

Mchezo waliokuwa wanaucheza aliuleta yeye kutoka chuoni Morogoro. Mnakaa mezani. Mmoja wenu ni msimulizi, ndiye anayeijua nchi yote ya kubuni, vijiji vyake na maovu yake. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Msimulizi anaeleza mlipo, nyinyi mnasema mtafanya nini, na dadu zinaamua kama mmeweza au mmeumia. Ni hivyo tu. Kwa miezi minane Kornel alikuwa msimulizi, na wachezaji wake walikuwa Adriano mwenye duka, Getruda mwalimu wa shule ya msingi, na Masalu muuza dawa za mifugo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

Siku hiyo Kornel alikuwa amewaletea adui mkuu aliyemtunga kwa wiki tatu: mfalme aliyekufa miaka elfu iliyopita na bado anatawala. Ana taji la chuma, upanga wa barafu, kiti cha mafuvu. Kornel akamweleza kwa sauti nzito, mikono juu.

"Subiri kwanza," Masalu akasema. "Mfu wako ana kasri, ana jeshi, ana watumishi. Sasa sisi tumwogope au tumwombe kazi?"

Adriano akalala juu ya meza kwa kicheko. Getruda akajifunika uso kwa kanga.

"Kaka, mimi sitanii," Masalu akaendelea. "Mfu akirudi si anarudi kulima shamba la mtu? Huyu wako anaishi vizuri kuliko mimi!"

Kornel akakusanya dadu zake, akazifunga kwenye mfuko, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anasaga meno. Chuoni walimtania miaka mitatu kwa sababu anatoka Sumbawanga; akiingia bwenini watu wanajifanya kukusanya nywele walizonyolewa, eti asije akawaroga. Alivumilia upuuzi ule kwa shida. Leo amerudi kwao, na kwao nako anachekwa, tena na Masalu! Akaapa kwamba atawatisha watu wale mpaka waombe kuwashiwa taa mchana.

Kazi yake ilikuwa kuchapa na kutoa kopi kwenye steshenari ya mjini. Alhamisi iliyofuata akapeleka mitihani aliyomchapia Getruda, nyumbani kwao upande wa Kasense. Ilikuwa Juni, upepo wa Ufipa unakata masikio. Nje ya nyumba, juani, alikaa Mzee Nestory, baba yake Getruda. Kornel alikuwa amesikia kwamba mzee alipigwa na kiharusi wakati wa Kwaresima ya mwaka jana, lakini hakuwahi kwenda kumjulia hali. Ndivyo alivyokuwa, bwana huyu.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akamtazama. Kimya.

Kornel akadhani hakusikika. "Shikamoo, mzee!"

Kimya. Macho yalikuwa yanamwangalia wazi kabisa. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka, mate yananing'inia pembeni. Mkono wa kushoto umelala juu ya blanketi, kiganja kimetazama juu kana kwamba unasubiri kupewa kitu. Mtu aliyelelewa huku hajazoea kitu hicho. Mkubwa anaweza kukuchukia, anaweza kukufukuza kwake kwa fimbo, lakini shikamoo ataiitikia kwanza. Kornel akahisi ubaridi unampanda mgongoni, na ubaridi huo haukuwa wa upepo.

Getruda akatoka ndani, mikono ina unga. "Anakusikia," akasema. "Mdomo ndio umekataa. Anaitikia kwa macho, ukimtazama vizuri utaona."

Kornel hakumtazama vizuri. Alishapata alichokuwa anakitafuta, na alimkabidhi Getruda mitihani haraka haraka ili awahi kuandika.

Jumamosi Getruda akaenda Matai kwenye semina ya walimu ya wiki tatu, akamwachia dada yake mkubwa kazi ya kumhudumia mzee. Jumapili Kornel akaingia kwenye chumba cha Adriano na daftari jipya.

Hakupandisha mikono wala kuunguruma. Aliongea polepole, kama mtu anayeelekeza njia. Mmefika kijiji cha uwandani, akawaambia, mashamba ya ulezi yamevunwa, upepo unavuma. Desturi ya nchi hii ni moja: mgeni lazima amsalimie mkubwa. Kila mmoja wenu ana pumzi saba. Nje ya nyumba ya kwanza, kwenye kigoda, amekaa mzee. Wanamwita Mwene, kama walivyoitwa machifu wa zamani wa Ufipa.

"Ana taji?" Masalu akauliza akitabasamu.

"Ana blanketi."

Adriano akasema, "Basi mimi namsalimia."

"Msalimie."

"Namwambia shikamoo."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Adriano akacheka kidogo, akakohoa. "Shikamoo, Mwene."

Kornel hakujibu. Aliuachia mdomo upande mmoja ukashuka. Mkono wa kushoto akaulaza mezani, kiganja juu. Akamkazia Adriano macho, akakaa hivyo. Gereji ya jirani walikuwa wanagonga bati, wakaacha, wakaanza tena. Kornel bado anatazama tu. Adriano akameza mate, na wote wakasikia koo lake lilivyolia.

"Umebaki na pumzi sita," Kornel akasema, akaandika.

"Kwa nini? Amenifanya nini?"

"Hajakufanya kitu. Wewe ndiye uliyempa. Mwene alikufa zamani sana. Mwili wake hauozi kwa sababu unakula heshima ya watu. Kila shikamoo anayopewa anaimeza, hairudishi."

"Basi simsalimii," Masalu akasema.

"Sawa. Usiposalimia, desturi ya nchi inakunyima mlango wa kulala, na upepo unaanza. Mwene anakutazama. Anajua una baridi."

Masalu alikaza shingo dakika kumi nzima. Alijaribu kuzunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Mwene kwenye kigoda. Alijaribu kukimbia kijiji cha pili, akamkuta Mwene kwenye kigoda. Mwisho akasema "Shikamoo" kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba radhi, na Kornel akamwachia kile kimya mpaka Masalu akainuka na kufungua dirisha.

"Acha bwana," akasema. "Acha kunitazama hivyo."

Kornel alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Jumapili ya pili vijana wa gereji wakaja kutazama. Ya tatu, watu walisimama mlangoni. Kijiji kikahitaji wenyeji, na Kornel, mvivu wa kubuni majina, akayachota kwenye orodha ya jumuiya ya kanisa aliyowahi kuichapa Pasaka, ya mtaa uleule wa akina Getruda. Akayapanga daftarini, kila jina na idadi ya pumzi zake pembeni, akawa anazipunguza kadiri Mwene alivyokula. Hakufikiri. Alikuwa anaogopwa, na raha ya kuogopwa ilimlevya.

Sasa, mmoja wa wale vijana wa gereji alikuwa mkazi wa Kasense. Mdomo ule ulioshuka, kiganja kile, blanketi lile, aliviona kila siku akienda kazini. Akawaambia wenzake. Wakaanza kupita kwa akina Getruda makusudi. Wanasimama mbele ya mzee, wanasema shikamoo, wanasubiri, kisha wanatimua mbio wakipiga kelele za pumzi zilizobaki.

Adriano ndiye aliyempa Kornel habari hiyo, amenuna. "Wanamfanyia mzee wa watu mzaha. Wakataze."

"Wanahesabu kabisa?" Kornel akauliza. "Saba, sita, tano?"

"Wewe ni mtu wa ajabu," Adriano akasema, akaendelea kufungua simu ya mteja.

Mzaha ukatoka kwa vijana ukaingia kwa watu wazima, na kwa watu wazima haukuwa mzaha tena. Marsiana, jirani wa mlango wa pili, aliamka na mjukuu mwenye homa. Akakumbuka kwamba jana yake mtoto alimsalimia Mzee Nestory na hakuitikiwa. Hakuitikiwa na nani, mama? Na mtu ambaye mwaka mzima hajaweza kutamka jina la mwanawe! Lakini hofu haiulizi maswali ya namna hiyo. Ndani ya siku nne mtaa ulishakubaliana: Nestory alikufa kweli ile Kwaresima, na binti yake amemfanya msukule. Waliacha kuchota maji bombani kwao. Dada yake Getruda akipita dukani, watu wanatema mate chini.

Getruda alirudi Jumamosi. Jumapili saa tisa akaingia chumba cha Adriano na sweta lake, hakumsalimia mtu, akavuta kiti.

"Endelea," akamwambia Kornel. "Nimekosa michezo mitatu. Mkunga wangu yuko wapi?" Mkunga ndiye alikuwa mtu wake ndani ya hadithi.

"Yuko njiani, bado hajafika..."

"Amefika. Mpeleke kwa huyo Mwene wako."

Chumba kilikuwa kimejaa, na Kornel alikuwa na watazamaji. Angeweza kusema leo hatuchezi. Badala yake akaanza, ingawa sauti ilimtoka nyembamba. "Amekaa kwenye kigoda. Upepo unavuma..."

"Nakaa chini, karibu yake."

"Humsalimii?" kijana mmoja wa gereji akadakia.

"Nimeshamsalimia asubuhi, kabla sijatoka nyumbani. Kornel, mdomoni ana nini?"

"Ana mate."

"Natoa kitambaa, namfuta."

"Tupa dadu," Masalu akasema kwa mazoea.

"Kumfuta mtu mate hakuhitaji dadu!" Getruda hakumtazama hata kidogo, macho yalikuwa kwa Kornel. "Leo amekula?"

"Mwene hali chakula. Anakula heshima."

"Anakula uji wa ulezi. Kijiko kimoja kimoja, saa nzima, akipaliwa nampigapiga mgongo. Haya, niambie, nani anamwogesha? Nani anambeba kumpeleka chooni? Si wewe ndiye msimulizi? Si wewe ndiye unayeijua nchi nzima?"

Kijana wa Kasense alikuwa anatafuta njia ya kuufikia mlango.

"Jana wamepiga jiwe dirishani," Getruda akasema. "Limetua kitandani kwake, pembeni ya kichwa. Marsiana, aliyekula kwetu miaka ishirini, anasema baba amemtia mjukuu wake homa. Wanasema nimemfufua anilimie shamba. Baba yangu, ambaye hawezi kushika kijiko! Na sura yake wameitoa hapa, kwenye meza hii. Wewe ulikuja kwangu na mitihani, ukasimama mbele yake, ukamwiba."

"Getruda, mimi sikutaja jina la mtu..."

"Funga mdomo. Jumatano saa nne mwenyekiti ameitisha mkutano wa mtaa kumjadili baba. Utakuja, na utawaambia ulimtoa wapi Mwene. Usipokuja, safari ijayo jiwe litampata, na mimi nitajua nani amelirusha."

Alipoondoka Kornel akawageukia wenzake. Adriano akasema chumba hiki kimefungwa kuanzia leo. Masalu akatikisa kichwa. "Mimi usiniangalie. Wazazi wangu walikuja hapa na ng'ombe kutoka Shinyanga. Nikifungua mdomo kwenye mkutano ule, kabla sijamaliza sentensi wataambiana uchawi umeletwa na sisi. Mfu ni wako. Nenda ukamzike."

Jumatatu na Jumanne Kornel hakula vizuri. Tusimnyime haki yake: aliogopa, na bado alikwenda. Tena alijiandaa. Alifikiri watu wakiuona mchezo wenyewe, karatasi na dadu, wataona ni utoto na watatawanyika. Akaweka daftari na dadu kwenye mfuko wa plastiki, Jumatano akapanda Kasense.

Watu walijaa uwanja wa ofisi ya mtaa. Mzee Nestory naye aliletwa, kwenye kiti cha magurudumu kilichoazimwa parokiani, na pande zote za kiti watu walikuwa wameacha nafasi ya hatua tatu. Getruda alisimama nyuma yake ameshika mishikio. Mwenyekiti Teodori, mtu mpole asiyependa matatizo, akamruhusu Kornel kusema.

Kornel akasema vizuri tu. Ni mchezo, ndugu zangu. Tunakaa mezani, tunabuni. Huyo Mwene nimemtunga mimi, sura nikaichukua kwa mzee bila ruhusa, na ninaomba radhi. Mzee ni mgonjwa, basi. Ushahidi huu hapa. Akaweka daftari na kumwaga dadu juu ya meza ya mwenyekiti.

Hapo ndipo alipoharibu. Watu wa pale walijua dadu ya ludo, nyeupe, yenye pande sita. Hizi zilikuwa nyekundu na nyeusi, nyingine pande nane, nyingine ishirini, zimejaa tarakimu. Zikabingirika mezani, moja ikaanguka chini, na akina mama wa mstari wa mbele wakaruka nyuma kana kwamba ametupwa nyoka.

"Hiki ni kitu gani?" mwenyekiti akauliza bila kukigusa.

"Dadu. Zinaamua nani anaumia."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Mwenyekiti akalifungua daftari, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, maana alidhani anamsaidia. "Pumzi zilizobaki. Hilaria, nne. Yonas, tano. Scola, tatu." Akasita. Hao wote walikuwa wamesimama mbele yake. Akasoma polepole zaidi. "Marsiana. Saba, imekatwa. Tano, imekatwa. Mbili."

"Yesu na Maria!" Marsiana akapiga yowe. "Kumbe ni wewe! Ni wewe unayetumaliza!"

"Hapana, mama, majina nilihitaji tu majina, nilikuwa nayo kwenye kompyuta..."

"Ana majina yetu kwenye kompyuta!"

Uwanja ukachafuka. Wengine wanataka daftari lichomwe, wengine wanasema lisichomwe, wote wataungua nalo. Nyuma kabisa mtu akapaza sauti: "Ni wawili hao! Kijana anahesabu, mzee anakula!" Na wengine wakaipokea, na ile nafasi ya hatua tatu kuzunguka kiti cha mzee ikaanza kupungua. Mwanamume mmoja alikuwa na tofali mkononi. Getruda akazunguka mbele, akamkinga baba yake kwa mwili wake, akamtazama Kornel.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, sema moja. Mzee Nestory yumo au hayumo?"

Kornel akaona mambo yote mawili kwa pamoja. Akiendelea kusema ni mchezo, hakuna atakayemwamini, na wote wawili watapigwa. Akisema neno lingine, atapigwa mmoja. Akavuta pumzi, akaacha kubabaika, akatumia sauti yake ya msimulizi, ile ya polepole.

"Hayumo. Mzee hajui kitu. Ni mgonjwa wa kiharusi kama mgonjwa mwingine. Yote ni mimi, peke yangu. Na atakayemgusa mzee huyu, au binti yake, au nyumba yao, jina lake nimeshalijua."

Uwanja mzima ukanyamaza. Tofali likashuka chini taratibu. Watu mia mbili, wanaume wenye misuli ya jembe, akina mama waliozika waume zao bila kutetereka, wote walikuwa wanamtazama Kornel na hakuna aliyethubutu kupepesa macho. Marsiana alikuwa anatembeza rozari midomo ikimcheza. Kornel akaacha kile kimya kikae, sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika, kisha nyingine.

Mwenyekiti akaagiza mgambo wawili wamtoe mtaani, na asionekane tena Kasense. Mgambo wenyewe walitembea mbali naye. Daftari lilibaki mezani, hakuna aliyetaka kulishika. Walipofika barabarani wakamwacha, wakarudi wakikaribia kukimbia.

Akasikia hatua. Getruda alikuwa anakuja nyuma yake, amemwachia dada yake kiti. Kornel akasimama. Moyo ulikuwa bado unamdunda, lakini alijiona mrefu. Sasa atashukuriwa, akafikiri, na akaona ni ungwana amwahi.

"Usinishukuru," akasema.

"Nikushukuru?" Getruda alikuwa anahema. "Baba atalala salama leo, hilo ni kweli. Sijaja kwa hilo. Nilikuwa nakutazama usoni, Kornel. Waliponyamaza wale watu, ulifurahi."

"Sikufurahi. Niliogopa kufa."

"Uliogopa, halafu ukafurahi. Baba yangu akiwa mbele yako na mtu ana tofali, wewe ulikuwa unafurahi."

Kornel akafungua mdomo akatae tena. Na hapo akagundua, aibu ikamchoma mpaka masikioni, kwamba tangu atoke uwanjani alikuwa anaupanga mkutano ule kichwani: aanze na dadu iliyoanguka, tofali aliweke mwishoni, Marsiana ampe sauti ya juu kidogo. Alishafika hata mahali ambapo angesitisha ili wasikilizaji wameze mate.

Getruda akajifunga kanga vizuri na kurudi kumpa baba yake uji.